Mzizi wa Mti wa Umma na Ukuta wa Jirani: Nani Abebe Gharama?



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake na Sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu katika Imani, darsa ya toleo hili ni ya fiqhi ya ujirani, nayo inahusu kitu tunachokipita kila siku tukielekea darasani. Kampala ni mji wa vilima na miti. Kando ya barabara zake kuna miembe, mifenesi, mikaratusi na mijakaranda, na mingine ni mikongwe kuliko nyumba zinazoizunguka. Juu ya miti hiyo makaloli wamejenga viota, na chini yake waendesha bodaboda hungojea abiria kivulini. Lakini mti una sehemu nyingine isiyoonekana. Mizizi yake haijui mpaka wa kiwanja. Huingia chini ya ukuta, huinua sakafu na hupenya kwenye bomba la majitaka.

Tuseme yupo mama mjane katika eneo la Kawempe, tumwite Hajati. Mume wake alimwachia mizigo minne, yaani vyumba vinne vya kupangisha, na wapangaji wake ni wanafunzi kama sisi. Kodi ya vyumba hivyo ndiyo ada ya watoto wake. Mbele ya vyumba, kwenye hifadhi ya barabara, umesimama mti mkubwa wa umma. Mwaka jana Hajati aliona ufa mwembamba katika ukuta wa uzio. Mwaka huu ukuta umeinama, bomba la choo limeziba mara tatu, na wapangaji wawili wamehama. Hajati ni mfano tuliouunda kwa ajili ya darsa, lakini ukitembea Kikoni, Bwaise au Makerere utaona nyufa kama zake.

Je, Hajati afanye nini? Aukate mti usiku? Anyamaze na kusema ni qadar ya Allah? Amdai nani, na kwa ushahidi gani? Tutazame sharia yetu inasema nini, kisha sheria ya nchi, halafu tuone njia ya kupita.

1. Mti ni sadaka, na madhara ni haramu

Mambo haya mawili yote ni ya kweli, na mwanafunzi wa fiqhi asiliache moja kwa ajili ya jingine.

La kwanza: katika hadithi ya Anas (r.a.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, basi hiyo ni sadaka kwake. Mti wa barabarani unapoza hewa, unashika udongo wa kilima mvua inaponyesha, na unampa kivuli muuza matunda. Kuukata bila sababu ni kukata kheri ya watu wengi.

La pili: hadithi ya 32 katika Arba'in ya Imam Nawawi inakataza madhara kwa maneno mawili, dharar na dhirar. Wanachuoni wengi wameeleza kwamba la kwanza ni kumdhuru mwenzako bila ya yeye kukuanza, na la pili ni kulipiza madhara kwa madhara. Hapa pana fundisho kwa pande zote mbili. Mamlaka inayoacha mti wake ubomoe ukuta wa mjane imo katika dharar. Na mjane akimwagia shina la mti chumvi au oili chafu usiku ili ufe, ameingia katika dhirar. Mti uliooza taratibu unaweza kuangukia watu msimu wa mvua, na aliyeuua ndiye atakayebeba dhima mbele ya Allah.

Kutokana na hadithi hiyo zimetoka kanuni ambazo ziliwekwa kwa vifungu katika Majalla, mkusanyo wa sheria wa Dola ya Uthmaniya uliokamilika mwaka 1876. Madhara huondolewa (kifungu cha 20). Madhara hayaondolewi kwa madhara yaliyo sawa nayo (kifungu cha 25). Madhara ya mtu mmoja huvumiliwa ili kuzuia madhara ya umma (kifungu cha 26). Madhara makubwa huondolewa kwa madogo (kifungu cha 27). Ukizishika kanuni hizi nne, utaweza kupima karibu kila suluhisho tutakalolitaja.

2. Kwanza tujue mzizi hufanya nini

Hadithi inayofuata katika Arba'in, ya 33, inafundisha kwamba ushahidi ni juu ya anayedai. Basi kabla ya kuushutumu mti tuujue.

Sehemu kubwa ya mizizi ya mti haiko chini sana. Iko karibu na uso wa ardhi, ambako kuna maji na hewa, nayo huenea mbali kupita matawi. Huleta madhara kwa njia tatu. Ya kwanza ni kusukuma: mzizi unavyonenepa huinua vitu vyepesi kama matofali ya njia, sakafu nyembamba ya zege na ukuta wa uzio wenye msingi wa juu juu. Ya pili ni kupenya mabomba: kwa kawaida mzizi haulitoboi bomba zima, bali hufuata unyevu unaovuja kwenye kiungo kibovu, huingia na kujaza bomba nyuzi mpaka linaziba. Ya tatu ni kukausha udongo: kwenye udongo wa mfinyanzi, mti ukifyonza maji wakati wa kiangazi udongo husinyaa na nyumba hutitia, kisha mvua ikirudi udongo huvimba tena.

Lakini ufa una sababu nyingi. Msingi usiofika chini, saruji iliyochanganywa na mchanga mwingi, maji ya mafuriko ya bondeni, au jirani aliyechimba karibu na ukuta, vyote huleta nyufa. Nyumba nzito yenye msingi imara ni nadra kuvunjwa kwa kusukumwa na mzizi peke yake. Kwa hiyo Hajati hawezi kusema tu kwamba mti upo na ufa upo, kwa hiyo mti ndio uliosababisha ufa. Anahitaji mtu achimbe kidogo kando ya ukuta, mzizi uonekane ulipo, upigwe picha, na fundi au mhandisi aandike alichokiona. Bila hivyo dai lake litabaki dhana.

3. Kisa cha Samura na mitende yake

Katika Sunan ya Abu Dawud, mlango wa hukumu, kuna kisa ambacho kila anayeshughulikia ugomvi wa mti anapaswa kukijua. Samura bin Jundub (r.a.) alikuwa na mitende ndani ya shamba la mtu wa Ansari, na Ansari huyo aliishi humo na familia yake. Samura alipoingia kuitazama mitende yake, mwenye shamba alipata taabu. Alimwomba amuuzie, akakataa. Alimwomba wabadilishane kwa mitende ya mahali pengine, akakataa. Jambo likafika kwa Mtume (s.a.w.). Naye akamtaka Samura auze, akakataa; abadilishe, akakataa; atoe zawadi na apate malipo mema, akakataa. Hapo Mtume (s.a.w.) akamwambia kuwa yeye ni mwenye kudhuru, akampa Ansari ruhusa ya kwenda kuing'oa.

Baadhi ya wanachuoni wa hadithi wamezungumza juu ya isnadi yake, kwa kuwa aliyepokea kutoka kwa Samura kuna shaka kama alikutana naye. Hata hivyo maana yake inakubaliana na hadithi ya dharar, na mafakihi wameitumia.

Tazameni mpangilio wake. Aliyedhurika alianza na mazungumzo, hakuanza na panga. Alipendekeza njia zaidi ya moja, na kila njia ilimwachia mwenye mti haki yake. Mazungumzo yaliposhindikana alikwenda kwa mwenye mamlaka. Kung'oa mti kulikuja mwisho, na kulikuja kwa hukumu. Wala haki ya umiliki haikuwa ngao kwa mtu aliyekataa kila njia ya heri.

4. Mafakihi na mzizi unaovuka mpaka

Wengine hudhani suala la mizizi ni la kisasa, limeletwa na mabomba na saruji. Sivyo. Ibn Qudama (aliyefariki mwaka 620 Hijria, sawa na 1223 Miladia) katika al-Mughni, mlango wa suluhu, analitaja waziwazi: mizizi ya mti wa mtu ikienea kwenye ardhi ya jirani na kudhuru mahodhi ya maji, kuta za visima au misingi ya nyumba, hukumu yake ni kama hukumu ya matawi yaliyovuka. Nao mafakihi wa Shafi wamesema vilevile, kwamba kuenea kwa mizizi ni kama kuenea kwa matawi.

Hukumu ya matawi ni ipi? Mwenye mti huombwa ayaondoe. Akikataa, jirani huanza na njia isiyoharibu, yaani kuyapinda au kuyafunga yarudi upande wake. Yasipopindika, basi huyakata yale yaliyoingia kwake tu. Majalla nayo, kifungu cha 1196, inampa jirani haki ya kutaka matawi yafungwe au yakatwe, lakini haimruhusu kuutaka mti wote ukatwe kwa sababu tu kivuli chake kinadhuru mimea yake. Kukosa jua ni usumbufu, na usumbufu haujafika daraja la madhara.

Hayo ni kuhusu kuondoa mzizi. Na fidia ya kilichokwisha kuharibika? Hapa mafakihi wametuachia mfano mzuri sana, nao ni ukuta ulioinama. Katika Majalla, kifungu cha 928, ukuta wa mtu ukianguka na kuharibu mali ya mwingine, asili ni kwamba halipi. Lakini ikiwa ukuta ulikuwa umeinama, na mwenye haki ya kuonya akamwonya aubomoe, na ukapita muda wa kutosha kuubomoa naye hakufanya, basi atalipa. Huu ni msimamo wa Hanafi. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo Waislamu wengi wa Uganda wanaifuata, Imam Nawawi katika Minhaj ameweka kwamba ukuta uliojengwa wima kisha ukainama na kuanguka hauna dhamana, akaitaja pia kauli inayosema kuwa kama mwenyewe aliweza kuubomoa au kuutengeneza, atadhamini. Hii ni khitilafu ya kweli, tusiifiche. Na wanachuoni wamesema kwamba katika mambo ya khitilafu, hukumu ya hakimu humaliza ugomvi.

Tuchukue maneno matatu kutoka kwenye ukuta huo: kuonywa, kuweza, kupuuza. Mwenye mali akionywa, akaweza kuzuia, kisha akapuuza, hapo ndipo dhamana inapomkalia. Yashikeni maneno haya, kwa sababu tutayakuta tena mahali msipopatarajia.

5. Sheria ya nchi inasemaje?

Wengine watauliza kwa nini Hajati asiende kwa Kadhi. Ibara ya 129 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 imezitaja mahakama za Kadhi kwa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na ulezi. Ukuta uliobomolewa na mzizi haumo humo. Njia yake ni mahakama za kawaida. Lakini Katiba hiyohiyo, katika ibara ya 126, inazitaka mahakama ziwape fidia ya kutosha waliodhulumiwa na pia zihimize upatanisho kati ya wagomvi. Sisi tunaosoma katika Suratun Nisaa, aya ya 128, kwamba suluhu ni bora, hatuwezi kuiona ibara hiyo kuwa ngeni.

Sheria ya madhara ya mizizi katika Uganda hutokana na sheria ya kawaida ya Kiingereza, ambayo mahakama zetu zimeirithi, kupitia kosa liitwalo kero. Hukumu za London haziwafungi majaji wa Kampala, lakini husikilizwa. Baraza la Malodi liliamua katika kesi ya Lemmon dhidi ya Webb kwamba jirani anaweza kukata matawi yaliyovuka mpaka wake, mradi abaki upande wake.

Kesi iliyo karibu zaidi na ya Hajati ni ya Delaware Mansions dhidi ya Halmashauri ya Westminster, iliyoamuliwa na Baraza hilo mwaka 2001. Mti wa halmashauri ulisimama kando ya barabara ya Maida Vale, London. Mizizi yake ilikausha udongo wa mfinyanzi chini ya jengo la makazi, na nyufa zikatokea. Wahandisi wa wenye jengo walieleza kwamba mti ukiondolewa, matengenezo yangegharimu kama pauni 14,000. Usipoondolewa, msingi wote ungehitaji kuimarishwa. Halmashauri ilijulishwa, haikuuondoa mti. Wenye jengo wakaimarisha msingi kwa zaidi ya pauni 570,000, na Baraza likaamua halmashauri ilipe. Sababu yake kubwa ni kwamba halmashauri ilikuwa imepewa taarifa na nafasi ya kutosha ya kuzuia madhara, nayo haikuitumia.

Kuonywa, kuweza, kupuuza. Fakihi wa Istanbul na jaji wa London wamekutana mahali pamoja. Wote wawili wanaona si haki kumtoza mtu kwa jambo asilolijua, na si haki kumwacha mtu aliyelijua akakaa kimya.

Kwa hiyo silaha ya kwanza ya mjane ni barua. Ufa aliounyamazia mwaka mzima ni mwaka ambao mamlaka inaweza kusema haikujua. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tuongeze kwamba usipouandikia ufa, utaujenga ukuta kwa fedha zako.

6. Hatua za kufuata

Hatua ya kwanza: ujulikane mti ni wa nani. Mti wa ndani ya uzio wa jirani ni wa jirani. Mti wa chuo ni wa chuo. Mti ulio kwenye hifadhi ya barabara ya mji uko chini ya Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala (KCCA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2010 na yenye ofisi katika tarafa zote tano: Central, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga. Watu wa umeme wanaokata matawi karibu na nyaya si wenye mti, na barua ikipelekwa kwao itapotea. Mwenyekiti wa LC1 anaweza kusaidia kuthibitisha mpaka, na hati ya kiwanja inaonyesha zaidi.

Hatua ya pili: kukusanya ushahidi. Piga picha zenye tarehe, na uweke rula kando ya ufa ili upana wake uonekane. Rudia kila mwezi. Tunza risiti za fundi bomba, na mwombe aandike alichokitoa ndani ya bomba. Akitoa mizizi, ipigwe picha. Pata maelezo ya mhandisi kama uwezo upo. Hapa mwanafunzi wa uhandisi au wa misitu ana sadaka ya kutoa: hawezi kutia sahihi mahali pa mtaalamu, lakini anaweza kupima, kuchora na kueleza.

Hatua ya tatu: barua ya kwanza, ya upole. Ieleze mti ulipo, madhara yaliyoonekana, tangu lini, na unaomba nini. Usianze na fidia. Anza kwa kuomba waje watazame. Peleka nakala mbili kwenye ofisi ya tarafa, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani. Nakala hiyo yenye muhuri ndiyo shahidi wako kwamba walionywa.

Hatua ya nne: kupendekeza njia, kama yule Ansari. Mizizi inayoelekea ukutani inaweza kukatwa na mtaalamu kwa umbali salama, kwa kuwa ikikatwa karibu mno na shina mti huweza kuanguka wakati wa dhoruba. Kizuizi kinaweza kuzikwa kati ya mti na msingi. Bomba bovu linaweza kubadilishwa au kuhamishwa. Ukuta unaweza kujengwa upya kwa daraja dogo la zege juu ya mzizi. Kuukata mti wote na kupanda mwingine unaofaa ni njia ya mwisho. Kila njia ipimwe kwa kanuni zetu: madhara makubwa huondolewa kwa madogo, na uzio wa mtu mmoja usiondoe kivuli cha mtaa mzima ikiwa iko njia nyingine.

Hatua ya tano: ilani ya kisheria. Wakikaa kimya, sheria inayohusu kesi dhidi ya serikali na mamlaka za mitaa inataka ilani ya siku 45 kabla ya kufungua shauri. Ilani itaje jina na makazi ya mdai, mambo yaliyotokea na lini, mahakama itakayoendewa, na kinachodaiwa. Katika kesi ya Kabandize dhidi ya KCCA, Mahakama ya Rufaa ilisema kukosekana kwa ilani hakuui shauri. Lakini mtu mwenye akili haachi kuitoa, kwa sababu ilani ni onyo lingine na ni mlango mwingine wa suluhu. La kuogopwa zaidi ni muda: madai ya madhara ya aina hii dhidi ya serikali au mamlaka ya mtaa yanatakiwa kufunguliwa ndani ya miaka miwili. Wengi hupoteza haki yao kwa kusubiri ahadi za mdomo.

Hatua ya sita: mahakama. Hakimu wa Daraja la Kwanza husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 20, na Hakimu Mkuu yasiyozidi milioni 50, ingawa madai ya uharibifu wa mali huyasikiliza bila kikomo cha thamani. Asiye na uwezo wa wakili aulizie kliniki ya msaada wa kisheria ya Law Development Centre, au kliniki ya sheria ya Chuo Kikuu cha Makerere. Na ikiwa mti ni wa jirani, na thamani ya madai haizidi shilingi milioni 2, mahakama ya baraza la mtaa inaweza kulisikiliza kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2006.

Katika hatua zote hizi, Hajati asivuke mpaka na panga. Kuharibu mali ya umma kwa makusudi ni kosa la jinai, na mdai mwenye haki hugeuka kuwa mshtakiwa kwa usiku mmoja.

Na nyinyi wapangaji je? Ukuta ni wa mwenye nyumba, na dai la ukuta ni lake. Lakini mpangaji akiona ufa na akanyamaza kwa sababu si nyumba yake, hakutekeleza haki ya ujirani. Mwambie mapema, kwa ujumbe ulioandikwa. Kama kitanda au kompyuta yako imeharibiwa na maji ya bomba lililopasuka, hilo ni dai lako mwenyewe, nalo linataka ushahidi wake.

7. Kiasi cha kudai

Hapa pana mtihani wa taqwa. Tuseme ukuta wa Hajati ulikuwa na umri wa miaka 20 na nusu yake ulikwisha kuoza kabla ya mzizi kufika. Fundi anamshauri aandike gharama ya ukuta mpya, na aongeze rangi ya vyumba vyote, kwa sababu ni fedha za serikali.

Fedha za serikali si fedha zisizo na mwenyewe. Ni za muuza nyanya wa Kalerwe anayelipa ushuru wa soko, na ni dawa ya mgonjwa wa kituo cha afya. Katika hadithi ya Ummu Salama (r.a.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba anayepewa kwa hukumu haki ya mwenzake kwa ufasaha wa hoja zake, amekatiwa kipande cha moto. Hukumu ya hakimu haihalalishi uongo. Basi adai gharama ya kurudisha kilichoharibiwa na mzizi, risiti za bomba, na kodi aliyoikosa ikiwa ana ushahidi nayo. Sehemu iliyoharibiwa na uzee wa ukuta ni yake.

Upande wa pili nao una mtihani. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alihofia kuulizwa na Allah juu ya mnyama atakayeangamia kando ya mto Furati. Miongoni mwenu wapo watakaokuwa wahandisi wa jiji, wanasheria wa halmashauri na makarani wa mapokezi. Siku barua ya mjane itakapofika mezani kwenu, kumbukeni kwamba kuiweka chini ya mafaili mengine ni kupuuza, na kupuuza ndiko kunakoleta dhamana, duniani na Akhera.

8. Na mti wa msikiti?

Kabla hatujaiandikia KCCA, tutazame uwanja wa msikiti wetu. Misikiti mingi ina miembe na mifenesi iliyopandwa na wazee kwa nia njema, nayo ni waqfu au mali ya jamaa. Mizizi yake nayo huvuka. Jirani wa upande wa pili pengine si Muislamu, na huenda ameona haya kuja kulalamika kwa sababu ni nyumba ya ibada. Abdullah bin Amr (r.a.), alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, aliuliza mara baada ya mara kama jirani yake Myahudi amepelekewa nyama, kwa sababu alimsikia Mtume (s.a.w.) akikariri wasia wa Jibril juu ya jirani. Kama nyama inampasa, basi ukuta wake je?

Kamati ya msikiti ikimwendea jirani huyo, ikamuuliza hali ya ukuta wake kabla hajaandika barua, itakuwa imefanya daawa isiyohitaji kipaza sauti.

Muhtasari

Mti ni sadaka, na madhara ni haramu. Anayedai alete ushahidi. Suluhu hutangulia hukumu, na njia nyepesi hutangulia panga. Dhamana huja pale penye kuonywa, kuweza na kupuuza. Kwa hiyo andika mapema, tunza nakala yenye muhuri, usivuke miaka miwili, na usidai zaidi ya haki yako.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Mti wa barabarani una kivuli kinachozuia jua lisifike kwenye paneli za sola za hosteli. Je, hili ni madhara au ni usumbufu? Rejea hukumu ya kivuli katika Majalla.

2. Hadithi ya 34 katika Arba'in inazungumzia kuondoa munkari kwa mkono. Mtu akiitumia kuhalalisha kuukata mti wa umma bila ruhusa, utamjibu vipi?

3. Mamlaka ilionywa lakini ikajibu kwamba haina bajeti. Je, sharti la kuweza limetimia? Toa hoja za pande mbili.

4. Tembea na wenzako wawili kuzunguka msikiti au hosteli yenu. Andikeni miti iliyo karibu na kuta za majirani na hali ya kila ukuta. Ripoti yenu ipelekwe kwa nani kwanza?

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie kuwa majirani wema, wenye kupanda kinachonufaisha na kuondoa kinachodhuru. Wabillahi tawfiq.